Mgeni wa Python naye apewe jembe

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu usemi huu huelekezwa kwa jamaa aliyekuja kutusalimu akasahau kurudi kwao. Leo nawaelekezea wanafunzi wetu wa kompyuta pamoja na walimu wao. Katika lugha za kompyuta tumekuwa wageni wa muda mrefu. Tunakula, tunashiba, ilhali wengi wetu hatujaligusa jembe.

Tuchukue mfano wa Python. Mholanzi Guido van Rossum alianza kuibuni lugha hii mwishoni mwa 1989 akiwa Amsterdam, na mwaka wa 1991 akaitoa kwa umma. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuutumia na kuubadilisha bila kulipa hata senti moja. Hapa Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za sekondari mwaka wa 2022. Wageni wanazidi kuingia mezani.

Je, tunawafunza nini? Mwanafunzi hukariri amri, huandika programu ya kujumlisha alama za darasa, akafaulu mtihani, basi. Ni nadra aambiwe kwamba lugha hiyo ina wenyewe, na kwamba wengi wa wenyewe hao ni watu wa kujitolea waliobisha hodi wakakaribishwa.

Huenda msomaji akauliza hasara iko wapi. Hasara ipo, tena kubwa. Kwa miaka mingi neno la mwisho kuhusu Python lilikuwa la Guido mwenyewe. Mnamo Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya alama moja tu mpya, nukta mbili zikifuatwa na alama ya usawa, alitangaza kwamba anang'atuka. Wasanidi wakajadiliana, wakapiga kura, wakaamua lugha iongozwe na baraza la watu watano. Baraza la kwanza lilichaguliwa mapema mwaka wa 2019. Wapiga kura hawakuwa serikali wala mamilioni ya watumiaji. Walikuwa wasanidi wa msingi, watu waliopewa dhamana hiyo kwa sababu kazi yao ilikuwa imeonekana. Asiyekuwapo na lake halipo.

Njia ya kuingia si ya miujiza. Mtu huanza kwa kusoma miongozo ya lugha, akakuta sentensi inayotatiza au mfano usiofanya kazi. Huiripoti kasoro hiyo, kisha hupendekeza marekebisho. Mitambo huyajaribu, na wasanidi wazoefu huyahakiki mbele ya macho ya wote. Huenda yakakubaliwa, huenda yakarudishwa na maswali, huenda yakakataliwa.

Hapo ndipo ninapoiona faida kuu kwa shule zetu. Nilipata kumfuatilia mwanafunzi mmoja aliyeripoti kasoro katika maelezo ya maktaba fulani ya Python. Mhakiki aliye mbali, asiyemjua kwa jina wala sura, alimtaka aeleze hatua kwa hatua jinsi kasoro ilivyotokea. Mwanafunzi aliandika, akaulizwa tena, akaandika upya, hadi rekebisho lake la mistari miwili likapokewa. Katika siku hizo chache alijifunza kutoa ushahidi, kupinga kwa adabu na kuvumilia kusahihishwa. Sijui mtihani ambao ungemfunza hayo yote.

Najua walimu watataja gharama ya intaneti na uhaba wa kompyuta. Hoja hiyo ina uzito, na serikali haina budi kuisikia. Hata hivyo, msimbo wote na miongozo yake vyaweza kupakuliwa mara moja, darasa likafanya kazi majuma kadhaa bila mtandao, kisha marekebisho yakatumwa siku moja.

Wengine watalalamika kuwa mambo yote ni ya Kiingereza. Hao nawakumbusha kwamba tangu 2017 Python ina utaratibu rasmi wa kuchapisha tafsiri za miongozo yake, na Kijapani, Kifaransa na Kikorea vilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo. Kazi ya tafsiri humhitaji mwalimu wa Kiswahili sawasawa na mwalimu wa kompyuta. Ni lini walimu hawa wawili waliwahi kuketi meza moja?

Tahadhari ni moja. Tusigeuze jambo hili kuwa mashindano ya kuhesabu. Mnamo Oktoba 2020, watu wengi waliwafurika wasanidi wa programu huria kwa marekebisho yasiyo na maana, mradi tu wajipatie fulana za bure. Waliodhurika ni wahakiki waliokuwa wakijitolea. Rekebisho moja lenye manufaa lina thamani kuliko mia za kutafutia sifa.

Kwa hivyo, shime walimu! Muhula huu, kila chama cha kompyuta shuleni kichague ukurasa mmoja wa miongozo, kiusome kwa makini na kutafuta penye walakini. Nanyi wanafunzi, msingoje shahada ndipo mshike jembe. Shamba li wazi, na wanaolilima leo ndio watakaoamua kesho lipandwe nini.