Je, Wajua? Bei ya bahari usiyowahi kuiona

Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, ikamwaga lita zipatazo milioni 40 za mafuta ghafi. Hasara ya wavuvi ilihesabika. Je, mkazi wa Texas asiyewahi kufika huko hakupoteza kitu? Wachumi walibisha hodi kwenye kaya zaidi ya 1,000 za Marekani: ungekubali kodi ya mara moja, dola kadhaa, kuzuia ajali kama hiyo? Kiwango cha kati kilikuwa dola 31 kwa kaya. Kwa nchi nzima, dola bilioni 2.8. Kutaja bei ni rahisi kuliko kufungua pochi, walisema wakosoaji, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwaka 1993 jopo la Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Nobeli, liliikubali njia hiyo kwa masharti makali.