Kichwa Husomwa Kabla ya Kupakwa

Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, acha kumvuta mwenzako nywele, maana leo hadithi ni ya nywele.

Nilipokuwa mdogo huko Karungu, upande wa Migori, kinyozi wetu alikaa chini ya mti na mashine moja ya mkono kwa vichwa vya kijiji kizima. Siku si nyingi nikaota duara kichwani, ukubwa wa sarafu, ngozi ina magamba, nywele zimekatika. Mashilingi! Wengine huita mapunye. Mjomba akanipaka mafuta ya taa. Nilikimbia hadi ziwani nikipiga mayowe. Ngozi ikababuka, duara likabaki palepale, na wiki iliyofuata likapata jirani.

Mafuta yale yalishindwa kwa sababu mashilingi ni kuvu, wa ukoo mmoja na yule anayeota kwenye mkate uliosahauliwa. Kuvu huyo hula keratini, protini inayojenga unywele, na huingia ndani ya unywele wenyewe mpaka shinani. Unachopaka juu hakimfikii. Dawa yake ni vidonge vya kuua kuvu kutoka kituo cha afya, na humezwa kwa wiki 6 au zaidi. Nyumbani mna kazi nyingine: chanuo lako liwe lako, kofia na taulo vivyo hivyo, mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa. Paka au ndama mwenye mabaka naye atazamwe, maana huambukiza.

Nanyi wasichana, nywele zikipungua kwenye paji la uso na kando ya masikio, na ngozi haina magamba, laumuni msuko uliokazwa. Ufungueni. Tiba hiyo haina bei.

Kichwa kinachoninyima usingizi ni kingine. Ni cha mtoto wa miaka miwili hivi, nywele zake nyeusi zimegeuka nyekundu-nyekundu kama ndevu za mahindi, na ukizivuta kidogo zinang'oka wala halii. Miguu yote miwili imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi nchi tunayoiita leo Ghana, aliuandika ugonjwa huu kwa jina alilolisikia kwa akina mama wa huko: kwashiorkor. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Ametoka kwenye maziwa ya mama, akapewa uji mtupu. Mwili ukikosa chakula cha kujenga, hutunza moyo na ubongo kwanza. Nywele hungoja mwisho wa foleni.

Linaloniudhi ni kwamba jambo hili laweza kumpata mtoto anayelala akisikia mawimbi. Nendeni Mbita, nendeni Sori au Muhuru Bay: omena, wale samaki wadogo wa ziwani, wameanikwa juu ya nyavu, wanang'aa kama fedha, halafu magunia mengi yanapakiwa kwenda kutengenezewa chakula cha kuku. Kuku ale protini, mtoto ale ugali na chai ya rangi? Omena huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Akikaushwa vizuri na kusagwa, kijiko kimoja hutiwa kwenye uji wa mdogo wako. Wekeni na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vya Kabondo, na mboga kama osuga, dek, apoth au kunde. Kipande cha chungwa baada ya mboga husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai huyazuia, basi inyweni saa nyingine.

Ila sikilizeni vizuri hapa. Mtoto aliyevimba miguu hatibiwi kwa omena nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu hata kumlisha hufanywa kidogo kidogo chini ya macho ya muuguzi. Kama hajavimba lakini amekonda, mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji ampime mkono kwa ule mkanda wa rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, nyekundu, yaani hatari, ni chini ya sentimita 11.5.

Na mkishaanza tiba, msichungulie kioo kila asubuhi. Nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi.