Bando ipo, mtandao upo, mbona faili inakwama?

Uko Litein saa tano usiku, mvua inanyesha kama kawaida yake, na unapakia kazi ya mteja aliye Marekani. Mistari ya mtandao imejaa. Bando bado ipo. Faili inafika asilimia 60, inaganda. Utailaumu kampuni ya simu, na pengine ni haki yako. Lakini kuna kitu kingine: simu yako inabahatisha.

Iko hivi. Faili haiendi nzima. Inakatwa vipande vidogo, pakiti, na seva inarudisha jibu kwamba imezipokea. Jibu lisiporudi, simu inatuma tena. Sasa, isubiri hadi lini? Ikiwa na haraka, inatuma mara ya pili kitu ambacho bado kiko njiani, na msongamano unazidi. Ikizubaa, inasubiri pakiti iliyopotea kitambo.

Muulize mkulima wa Mogogosiek au Kapkoros anayengoja lori la majani chai. Lori likizoea kufika saa nane, likichelewa nusu saa anajua kuna shida. Msimu wa mvua, barabara ikiwa matope, leo ni saa nane, kesho ni saa kumi na mbili. Hapo wastani pekee haumsaidii. Lazima ajue lori hilo huyumba kiasi gani.

TCP, utaratibu unaosafirisha data nyingi za intaneti, ulijifunza hilo kwa uchungu. Oktoba 1986, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, California, umbali usiofika hata nusu kilomita, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Van Jacobson alichunguza, na mwaka 1988 akachapisha dawa. Kanuni inayotumika leo inatokana na kazi yake: chukua wastani wa muda wa kwenda na kurudi, ongeza mara nne ya kuyumba kwake. Wastani ukiwa milisekunde 200 na kuyumba 50, subiri 400. Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Kulikuwa na mtego mwingine. Ukituma pakiti mara mbili kisha jibu lirudi, ni jibu la ipi? Phil Karn na Craig Partridge walisema mwaka 1987: kipimo hicho kitupe. QUIC, iliyoanzia Google na kuwa kanuni rasmi mwaka 2021, inaipa kila pakiti nambari mpya hata data ikirudiwa. Shaka imeisha.

Kwetu kuyumba ni jambo la kila siku. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Mombasa Julai 2009, data zetu zilipanda kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na data zikatafuta njia nyingine. Na milimani huku, mvua kubwa hudhoofisha mawimbi kati ya mlingoti na mlingoti.

Kwa hivyo ukinunua intaneti ya nyumbani, usiulize Mbps pekee. Piga ping mara hamsini, jioni, mvua ikinyesha. Ukiona 140, 145, 150, lipa. Ukiona 90, 700, 110, 1,300, mwambie fundi akunje waya wake aende.