Chora Kwanza, Andika Programu Baadaye
Sehemu ya Pili: Kutoka kwenye mizani ya chai hadi kwenye malipo

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwa nini mifumo mingi ya kompyuta hutelekezwa muda mfupi baada ya kuzinduliwa. Sababu kubwa tuliyoitaja ni kwamba mwandishi wa programu na mtumiaji huagana kila mmoja akiwa ameelewa lake. Leo tunatazama michoro inayowakutanisha watu hao kabla programu haijaandikwa. Tuchukue mfano wa mfumo wa kupokea na kulipia majani mabichi ya chai, shughuli inayofahamika wilayani Rungwe, kuanzia Katumba hadi Mwakaleli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila mtaalamu wa programu alikuwa na alama zake. Grady Booch, Mmarekani, alichora sehemu za mfumo kama mawingu. James Rumbaugh wa kampuni ya General Electric alitumia maboksi. Ivar Jacobson, raia wa Sweden aliyewahi kushughulikia mitambo ya simu katika kampuni ya Ericsson, alianza kwa kuuliza mtumiaji anataka kufanya nini. Watatu hao walikutana katika kampuni ya Rational wakaunganisha alama zao, na Novemba 1997 shirika la OMG likaipitisha lugha hiyo ya michoro kwa jina la UML. Mwaka 2005 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Leo ina aina 14 za michoro: saba huonyesha mfumo ulivyojengeka, saba huonyesha mwenendo wake. Ni nadra mradi mmoja kuzihitaji zote. Kwa kituo cha chai, nne zinatosha.

Ya kwanza ni mchoro wa matumizi. Pembeni huchorwa vikaragosi vya watumiaji, na katikati, ndani ya boksi, huandikwa kazi wanazotaka kuzifanya: kupima jani, kutoa stakabadhi, kuandaa malipo. Kijana aliyesomea kompyuta atachora mkulima, karani wa kituo, dereva wa lori na mhasibu, kisha aone amemaliza. Mzee wa kijiji akiutazama mchoro huohuo atauliza: mbona mchumaji hayumo? Anayefikisha jani kwenye mizani si lazima awe mwenye shamba. Anaweza kuwa kibarua, mke au mtoto. Basi stakabadhi apewe nani, na ujumbe wa simu uende kwa nani? Swali hilo likiulizwa mbele ya karatasi hujibiwa siku hiyohiyo. Likiulizwa baada ya malipo ya kwanza, huwa ni ugomvi wa nyumbani.

Ya pili ni mchoro wa makundi. Kila kitu ambacho mfumo unapaswa kukikumbuka hupewa boksi lenye jina, sifa zake na matendo yake. Mistari huunganisha maboksi, na kwenye ncha za mstari huandikwa idadi: moja, au nyota yenye maana ya wengi. Hapo ndipo mambo magumu hujitokeza. Je, mkulima mmoja anaweza kuwa na mashamba mawili yanayouza katika vituo viwili tofauti? Shamba la familia likiwa na warithi watatu, nani alipwe? Na kwa kuwa akina Ambakisye na Atupele ni wengi Rungwe nzima, jina haliwezi kumtambulisha mkulima; lazima awe na namba.

Bei nayo ina mtego wake. Mwanafunzi ataiweka kama sifa ndani ya boksi la kituo: kilo moja ni shilingi kadhaa. Siku bei ikibadilika, mfumo utapiga upya hesabu za jani la mwezi uliopita kwa bei mpya. Dawa yake ni kuipa bei boksi lake lenyewe, lenye tarehe ya kuanza kutumika. Kuongeza boksi hilo kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja. Kulichomeka ndani ya mfumo wenye kumbukumbu za misimu miwili ni kazi ya wiki nyingi, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ya tatu ni mchoro wa mfuatano. Kila mhusika hupewa mstari wa wima, na mishale huonyesha nani anampelekea nani ujumbe, muda ukishuka kutoka juu kwenda chini. Mji wa Tukuyu, hukohuko Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mtandao kukatika katikati ya kazi si jambo la ajabu. Karani anapima kilo 18, anabonyeza kutuma, mtandao unakatika. Rekodi imefika makao makuu, lakini jibu la kuthibitisha halikurudi. Karani anabonyeza tena. Mkulima amehesabiwa kilo 36. Anayechora mshale wa jibu atalazimika kuuliza itakuwaje usiporudi, na atagundua kwamba kila upimaji unahitaji namba yake ya pekee, itolewe palepale kituoni, ili kompyuta kuu iitambue rekodi iliyojirudia na kuikataa.

Ya nne ni mchoro wa hali, unaofuatilia shehena moja: imepimwa, imepakiwa, imefika kiwandani, imekubaliwa, imelipwa. Jani bichi halingoji. Likichelewa kusindikwa baada ya kuchumwa, ubora wake hushuka. Lori likikwama njiani na kiwanda kikalikataa jani, mchoro unadai mshale kutoka hali ya “imekataliwa”. Unaelekea wapi? Hasara ni ya mkulima, ya msafirishaji au ya kiwanda? Hilo haliwezi kuamuliwa na mtaalamu wa kompyuta. Ni suala la mkataba, na mchoro umelifichua mapema.

Michoro ina hatari zake pia. Wanafunzi wengi huichora baada ya programu kukamilika ili kumridhisha msimamizi wa mradi. Hiyo ni kupamba ripoti, kwani maamuzi yameshafanyika. Wengine hujaza kurasa hamsini za alama ambazo karani hawezi kuzisoma. Mchoro ambao mtumiaji hawezi kuupinga haujafanya kazi yake. Wala huhitaji programu ya bei kubwa: ubao na chaki vinatosha kuanzia, na anayetaka nakala safi anaweza kutumia PlantUML, programu ya bure inayogeuza maelezo ya maandishi kuwa mchoro.

Viongozi wa vyama vya ushirika na halmashauri, mtakapoletewa mfumo mpya, msikubali kuanza na skrini zenye rangi za kuvutia. Ombeni michoro hii minne, iwekeni mbele ya mkulima, karani na dereva, na msisaini mkataba hadi kila mshale upate mtu wa kuueleza. Sehemu ya tatu itaonyesha jinsi ya kuigeuza michoro hiyo kuwa kanzidata.