Choo Kigumu: Tuanzie Jikoni



Kuna shida ambayo watu huona haya kuitaja mkutanoni. Mama mmoja mjamzito hapa Katelembo aliniita pembeni akaniambia ameacha vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vinamfunga choo. Ni kweli, vidonge hivyo vinaweza kufunga choo. Lakini mama akipungukiwa na damu, siku ya kujifungua ni hatari. Angesema mapema kliniki, angesaidiwa bila kuviacha.

Choo hufunga namna gani? Utumbo mkubwa hunyonya maji kutoka kwa mabaki ya chakula. Yakikaa sana, yanakauka. Maganda na nyuzinyuzi za chakula hushika maji, na mabaki yanasukumwa nje yakiwa laini. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliwaeleza Wazungu jambo hili katika miaka ya 1970. Aliona watu wa mashambani, kwa vyakula vyao visivyokobolewa, wanapata choo laini na kingi kuliko Waingereza. Kumbe chakula chetu si cha kudharau!

Basi tufanye hivi:

1. Tule isyo ya mahindi na maharagwe. Muthokoi umetolewa maganda, kwa hivyo uchanganywe na mbaazi au kunde za kutosha. Unga wa posho mill usiokobolewa unashinda ule mweupe wa paketi.

2. Mboga na matunda kila siku: majani ya kunde, sukuma wiki, papai, maembe. Ongeza pole pole, tumbo lisijae gesi.

3. Kunywa maji. Tunajua maji hubebwa mgongoni, na mama ndiye wa mwisho kunywa. Hiyo ibadilike.

4. Usizuie choo. Jaribu kwenda baada ya chai ya asubuhi, maana chakula huamsha utumbo. Watoto waruhusiwe kutoka darasani.

5. Wazee wanaokaa tu watembee kidogo kila siku.

Usinunue ovyo dawa za kuharisha dukani. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, au tumbo likivimba na unatapika, enda hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Nyumbani kwetu, nani hunywa maji kidogo zaidi? Kwa nini?
- Je, choo cha shule yetu ni safi, na kina mlango unaofungika, ili mtoto asiogope kukitumia?
- Ni mama gani mjamzito tutakayemtembelea wiki hii?