Filamu ya Altamont: Picha ni zile zile, hukumu mbalimbali

WAHENGA walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, filamu iitwayo Gimme Shelter, iliyozinduliwa mjini New York mnamo Desemba 1970, imedhihirisha kwamba watu wanaweza kutazama picha zile zile na kila mmoja akaondoka na hukumu yake.

Filamu hiyo ya matukio ya kweli inafuata ziara ya Rolling Stones, bendi ya roki kutoka Uingereza, nchini Marekani mwishoni mwa mwaka wa 1969. Waliyoitengeneza ni ndugu wawili, Albert na David Maysles, wakishirikiana na Charlotte Zwerin. Hawakuweka sauti ya msimulizi wa kumwelekeza mtazamaji. Walimwonyesha tu yaliyotukia, wakamwachia kazi ya kuamua.

Ili kuelewa kilichowashtua watazamaji, ni muhimu kukumbuka hali ya wakati huo. Mnamo Agosti 1969, vijana wapatao 400,000 walikusanyika Woodstock, katika jimbo la New York, wakastahimili mvua, matope na uhaba wa chakula bila vurugu kubwa. Mahipi, yaani vijana waliopinga vita na kuhubiri upendo, waliona kuwa dunia yao mpya imewadia.

Ziara ya Rolling Stones nayo ilikuwa imezua malalamiko kuhusu bei ya tikiti. Bendi hiyo ikaahidi kuikamilisha kwa tamasha la bure karibu na San Francisco. Matayarisho yalifanywa kwa pupa. Mahali pa tamasha palibadilishwa mara mbili, na uwanja wa mbio za magari wa Altamont ukapatikana zikiwa zimesalia takriban siku mbili pekee.

Jukwaa lilikuwa na kimo cha mita moja hivi, tena liliwekwa chini ya mteremko, hivyo umati ulilisukuma kutoka juu. Waliosimama kulizunguka ni wanachama wa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki. Inasemekana malipo yao yalikuwa bia ya thamani ya dola 500, ingawa wahusika wamebishana kuhusu makubaliano hayo tangu siku hiyo.

Watu wapatao 300,000 walifika mnamo Desemba 6, 1969. Ghasia zilianza mchana. Mwimbaji Marty Balin wa bendi ya Jefferson Airplane alipigwa hadi akazirai, nayo Grateful Dead ikaondoka bila kutumbuiza. Usiku, Rolling Stones wakiwa jukwaani, kijana mweusi mwenye umri wa miaka 18, Meredith Hunter, alidungwa kisu na mmoja wa wanachama wa genge hilo. Alifariki papo hapo uwanjani. Watu wengine watatu walikufa katika ajali: wawili waligongwa na gari na mmoja akafa maji mferejini.

Kamera moja ilinasa tukio hilo la kisu. Kuanzia hapo, filamu haikuwa tena ya muziki peke yake.

Watazamaji wake wa kwanza walikuwa wanamuziki wenyewe. Zwerin alipendekeza warekodiwe wakitazama picha hizo katika chumba cha kuhariria, na sehemu hiyo ikawa uti wa mgongo wa filamu. Mtazamaji anamwona Mick Jagger akiomba picha zirudishwe nyuma, David Maysles akimwonyesha mahali bastola ilipo mkononi mwa Hunter na mahali kisu kinaposhuka. Jagger anasema machache, kisha anainuka na kuondoka. Wapo waliouona uso wake kuwa wa mtu aliyefadhaika. Wengine waliona ubaridi wa nyota anayejali jina lake.

Wahakiki hawakuwa na huruma. Vincent Canby wa gazeti la New York Times aliwashutumu watengenezaji kwa kuvuna faida kutokana na mauaji. Pauline Kael wa jarida la New Yorker alikwenda mbali zaidi: alihoji iwapo tamasha lenyewe halikuandaliwa kwa ajili ya kamera, na iwapo walioshika kamera hizo wanaweza kudai kuwa mashahidi tu. Watengenezaji walikanusha vikali, wakisisitiza kuwa walirekodi tukio na hawakulipanga.

Watazamaji wa tatu waliketi mahakamani. Mshtakiwa alipofikishwa kizimbani mjini Oakland, jopo la raia lililoteuliwa kuamua kesi lilionyeshwa picha hizo. Bastola ya Hunter ilionekana waziwazi mbele ya vazi la rangi nyeupe la mpenzi wake. Mnamo Januari 1971 jopo hilo liliamua kwamba mshtakiwa alikuwa akijikinga, naye akaachiliwa huru. Miongo mitatu baadaye polisi walizichunguza picha hizo upya kutokana na madai kwamba kulikuwa na mshambuliaji wa pili. Hawakupata ushahidi, na faili ikafungwa mwaka wa 2005.

Basi ukanda mmoja wa filamu ulikuwa aibu kwa bendi, biashara ya damu kwa wahakiki na kinga kwa mshtakiwa. Aidha, kwa wengi waliokuja kuutazama baadaye, uligeuka kuwa alama ya kufa kwa ndoto za mahipi. Katika mabishano hayo yote, Hunter alibaki kuwa kijana wa suti ya kijani anayeonekana kwa sekunde chache kisha anatoweka. Alizikwa Vallejo, California, katika kaburi lisilo na jiwe wala jina.

Aliyeligeuzia kamera kaburi hilo ni Sam Green, mtengenezaji filamu wa Marekani. Mnamo 2006 alitoa filamu fupi aliyoipa jina la namba ya kaburi hilo, Lot 63, Grave C. Haina bendi, haina umati. Walioitazama hawakusimamia kwenye kulaumu. Baadhi yao walituma michango kwa wasimamizi wa makaburi, na kufikia mwaka wa 2008 jiwe lenye jina la Meredith Hunter lilikuwa limewekwa.

Hapo ndipo penye funzo kwa kila anayetazama filamu ya matukio ya kweli, iwe katika ukumbi wa sinema au kwenye simu yake. Picha huweza kuonyesha nani alishika bastola na nani alishika kisu. Haiwezi kumlazimisha mtazamaji amuulizie aliyekufa. Swali hilo lilisubiri takriban miaka 40, na waliolijibu hatimaye ni watazamaji wa kawaida, kwa fedha zao wenyewe.