Simu ya Carpenter na Miaka 116

Ninafanya ukalimani wa Kiswahili hapa Ohio, Marekani, hasa kwa Wakongo na Warundi waliokuja kama wakimbizi. Nje ya mahakama, swali ninaloulizwa zaidi na kina mama wenye vijana ni hili: "Dada, polisi wa huku wanaweza kujua mwanangu alikuwa wapi kwa kutazama simu yake tu?" Huwa ninawasimulia kesi ya Timothy Carpenter.

Mwaka 2011 polisi waliwakamata wanaume wanne kwa wizi wa kutumia silaha katika maduka ya vifaa vya elektroniki na simu. Mmoja wao alikiri na kutoa namba za wenzake, Carpenter akiwemo. Kampuni za simu huweka kumbukumbu ya mnara ambao kila simu imeunganishwa nao, pamoja na saa. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walipata kumbukumbu hizo kwa amri nyepesi ya mahakama, bila hati ya upekuzi. Kwa Carpenter peke yake zilipatikana nukta 12,898 za mahali alipokuwa ndani ya siku 127, wastani wa 101 kila siku.

Serikali ilijitetea kwa kanuni ya zamani: taarifa uliyompa mtu mwingine, ikiwemo benki au kampuni ya simu, si siri yako tena. Tarehe 22 Juni 2018, Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba simu humfuata mtu hadi kwa daktari na nyumbani kwa watu, na inajiandikisha kwenye mnara bila mwenyewe kufanya lolote. Kwa hiyo Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayomlinda mtu dhidi ya upekuzi holela, yanaifikia kumbukumbu hiyo. Isipokuwa kwa dharura, polisi wanapaswa kwanza kumwonyesha hakimu sababu za msingi na kupewa hati.

Kina mama wakisikia hivyo, hushusha pumzi. Mimi huwaomba wasubiri, kwa maana nusu ya pili ya kesi ni kifungo.

Sheria ya serikali kuu inampa adhabu ya pekee anayetumia bunduki katika uhalifu wa mabavu. Wakati ule kosa la kwanza lilikuwa na kifungo kisichopungua miaka 5, na kila lililofuata miaka 25, hata yote yakisikilizwa katika kesi moja. Vifungo hivyo lazima vifuatane. Carpenter alikutwa na hatia katika makosa matano ya bunduki: 5 na mara nne 25, jumla 105. Pamoja na ule wizi wenyewe, ikafika takriban 116. Parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, ilifutwa kwenye mfumo wa serikali kuu kwa sheria ya mwaka 1984, kwa hiyo kifungo kama hicho ni cha kufia gerezani.

Ushindi haukumtoa. Mahakama ya rufaa ilisema wapelelezi walitenda kwa nia njema chini ya sheria iliyokuwepo, na hatia ikabaki. Miezi sita baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, Desemba 2018, Rais Trump alitia saini sheria iitwayo First Step Act. Sasa miaka 25 humpata tu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa hilo, kesi yake ikamalizika, kisha akarudia. Lakini sheria hiyo haikuwafuta machozi waliokwisha kuhukumiwa. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliifungua kidogo kwa wale ambao hukumu zao za zamani zimebatilishwa. Wengine wengi wamebaki na hesabu ileile.

Anayemwelekezea bunduki muuza duka anastahili jela, nami simtetei. Kina mama nawaambia wawafundishe watoto wao kudai hati na wakili. Bunge nalo lina deni: kama miaka 25 juu ya 25 ni mingi mno kwa atakayehukumiwa kesho, ni mingi mno kwa aliyehukumiwa jana, na ni wajibu wake kumpunguzia.